Waheshimiwa, daftari lenu liko wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nikirefusha maneno nipunguzie, wewe ndiye mwenye mkasi, ila sehemu ya daftari niachie.

Mimi ni mkaanga samaki hapa Langoni, Lamu mjini. Kazi hii niliianza mwaka 1994 kwenye baraza ya nyumba ya marehemu mama, na mpaka leo niko pale pale: karai moja, meko mawili, na benchi la wateja ambalo mguu wake mmoja nimeuwekea kigae lisiyumbe. Shule niliishia darasa la saba. Lakini hesabu naijua, na kila samaki aingiaye kwangu humwandika kabla hajaguswa na kisu: siku, jina la aliyemleta, kilo ngapi, nimelipa au nimekopa.

Kilichonichokoza ni mikutano ya hadhara. Uchaguzi wa 2027 unanukia na waheshimiwa wameanza kuvuka maji kuja kutuona. Mmoja alishika kipaza sauti akasema watu wa Lamu waliuawa kule Mpeketoni mwaka 2014 kwa sababu serikali iliyopita ilikuwa imelala. Wiki haijaisha, akaja wa upande wa pili, naye akasema waliotuletea balaa ni wale waliokuwa wakipiga kelele za siasa wakati ule, na sasa wamejificha ndani ya serikali. Makofi huku, makofi kule. Mpwa wangu aliniletea hotuba zote mbili kwenye simu nikiwa jikoni. Nikasikiliza mpaka tafi sita wakaungua karaini. Kwa bei ya tafi siku hizi, hiyo si hasara ndogo.

Nataka kuanza na hilo neno "serikali iliyopita", maana linasemwa kama vile lilikuwa jahazi lililozama na mabaharia wake wote. Juni 2014 Rais alikuwa Uhuru Kenyatta, ndiyo. Naibu wake alikuwa nani? Ni Rais wa leo, William Ruto. Kiongozi wa wengi katika Seneti alikuwa Kithure Kindiki, leo ndiye Naibu Rais, na katikati hapo amekuwa Waziri wa Usalama. Kiongozi wa wengi katika Bunge la Taifa alikuwa Aden Duale, leo ni waziri. Waziri wa Usalama wa siku ile, Joseph Ole Lenku, aliondoka Desemba 2014 baada ya mauaji ya kwenye machimbo ya mawe kule Mandera, kisha watu wa Kajiado wakamchagua gavana. Na hao wapinzani wa wakati ule, wengine wameingia serikali jumuishi, wengine wamebaki nje. Sasa kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na mimi nikitazama naona ni vidole vya mkono mmoja.

Sisemi wote wana hatia. Nasema wote walikuwepo, na hakuna aliyetuambia alifanya nini saa ngapi.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Jumapili, 15 Juni 2014. Wasomaji wa mbali huenda wamesahau. Kulikuwa na Kombe la Dunia, vijana wamejazana kwenye televisheni za mahoteli ya Mpeketoni. Watu wenye bunduki wakaingia kwa magari, wakapiga kituo cha polisi, wakachoma majengo, wakawa wanawatoa wanaume na kuwauliza dini. Walikaa saa kadhaa. Wakaondoka kwa raha zao, na usiku wa pili yake wakaua tena vijiji vya jirani, upande wa Majembeni. Ukijumlisha siku hizo mbili, waliokufa walipita 60. Sisi wa kisiwani tulipata habari kwa simu. Kati yetu na bara ni mwendo mfupi wa boti hadi Mokowe, kisha barabara, lakini usiku ule palikuwa mbali kama Bara Hindi.

Nina rafiki Mpeketoni. Nilikuwa naye, niseme. Tulimwita mama wa viazi, kwa sababu viazi vyangu vya karai vyote vilitoka kwake, na muhogo, na ndizi. Wazazi wake waliletwa na serikali miaka ya sabini kwenye mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta. Alizaliwa huku huku, Kiswahili chake kimechanganyika na Kikikuyu, na alikuwa akinicheka ninavyosema "mato" badala ya macho. Kila wiki gunia, na kila wiki mzozo wa bei, na kila wiki namfungia samaki wawili kwenye gazeti, awapelekee watoto.

Jumatatu nilimpigia simu haikushika. Jumanne, tarehe 17, Rais akahutubia taifa. Redio yangu iko juu ya dirisha, inanukia samaki mpaka leo. Alikuwa amekwisha jitokeza Al-Shabaab mwenyewe kusema ni kazi yake. Rais akasema si Al-Shabaab, ni mitandao ya kisiasa ya humu humu, ni ghasia zilizopangwa dhidi ya jamii moja ya Wakenya. Nakumbuka nilizima moto, nikakaa. Nilijua maneno yale yatafika Mpeketoni kabla ya maiti kuzikwa.

Jioni simu ikashika. Nikampa pole, nikalia, naye akalia. Halafu akanyamaza kidogo, akaniuliza, tena kwa upole, si kwa ukali: "Mama, kwani nyinyi huko mlijua?"

Mhariri, tangu siku ile nimefiwa, nimeugua, nimedaiwa, lakini sijaulizwa swali lililoniuma vile. Nikamwambia wallahi hatukujua. Akasema, "Sawa mama." Lakini sawa ile si ile ya bei ya viazi. Miezi michache baadaye walihama, wakaenda kwa ndugu zao bara. Viazi sasa nanunua kwa mtu mwingine, na nalipa taslimu, wala hatuzozani.

Sasa nataka mheshimiwa yeyote anijibu: Rais alikuwa na ushahidi gani siku ile? Kama ulikuwepo, uko wapi? Siku chache baadaye gavana wetu, Issa Timamy, akakamatwa, akapelekwa Mombasa mahakamani. Mji mzima ulisimama. Mashtaka yakaishia kuondolewa, ushahidi haupo, na mwaka 2022 wapiga kura wakamrudisha ofisini. Kwa hiyo ule mtandao wa kisiasa uliotangazwa kwa taifa zima haukuthibitishwa na mahakama hata moja. Na aliyeutangaza hakuwahi kurudi kwenye redio ile ile kutuambia alikosea wapi.

Nikiwa mkweli, na sisi wa mjini tuna letu. Tulishika jibu jepesi: ni Wasomali kutoka ng'ambo, si sisi, funga mazungumzo. Ikaja kudhihirika kwamba lile kundi la msitu wa Boni, Jaysh Ayman, lilikuwa na Wakenya ndani yake, vijana waliovuka wakafunzwa wakarudi. Kwa hiyo ilikuwa Al-Shabaab, na ndani yake mlikuwa na watoto wa nchi hii. Rais alikosa kwa upande mmoja, na sisi barazani tulikosa kwa upande mwingine. Jambo la namna hii halikatwi kwa hotuba ya dakika kumi. Lilihitaji watu wakae, waite mashahidi, waandike.

Nije kwenye kafyu, maana hapo ndipo daftari langu linaposema.

Julai mambo yalizidi: Hindi na Gamba zikashambuliwa usiku wa tarehe 5, halafu basi likapigwa risasi karibu na Witu tarehe 18. Kuanzia tarehe 20 Julai serikali ikatangaza kafyu kaunti nzima, saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa kumi na mbili unusu asubuhi. Ilikuwa Ramadhani, tumeshaingia kumi la mwisho. Julai huku jua huzama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu. Yaani ukisikia adhana ya magharibi, ukatia tende mdomoni, kafyu hiyo. Mtu aliyekuwa bado njiani na kikapu cha futari alikimbia kama mwizi kwenye mtaa aliozaliwa. Nami nahesabu wateja wangu wa futari: walikuwa wakija tangu laasiri mpaka baada ya magharibi. Wakawa wanakuja saa tisa, wananunua vilivyopo, wanarudi ndani.

Lakini ukosefu wa wateja ulikuwa kidogo ukilinganisha na ukosefu wa samaki.

Kaka yangu alikuwa mvuvi wa jarife. Kwa wasomaji wasioijua bahari, jarife ni wavu mrefu wa matundu makubwa. Juu una maboya, chini una vipande vya risasi vya kuuzamisha (risasi hizo, si zile nyingine). Huutegi mchana. Unatoka baada ya laasiri, magharibi unautandaza mkondoni, unalala nao chomboni, alfajiri unauvuta. Samaki mkubwa hupita usiku na haoni nyuzi. Siku ya pili ya kafyu kaka alikuja kukaa kwenye lile benchi langu, mikono mapajani, akaniambia maneno ambayo sitayatafsiri: "Dadangu, mtana samaki huuona wavu. Sasa tutakulaye?"

Nimelifungua daftari la mwaka 2014 ninapoandika barua hii. Nanukuu kama lilivyo, pamoja na ufupi wangu:

Jumamosi 14 Juni. Kaka: kolekole kilo 11, tafi kilo 9, taa mmoja. Nimelipa nusu.

Jumatatu 16 Juni. Hakuna samaki. Hakuna watu.

Jumatatu 21 Julai. Kaka: hakuna.

Jumanne 22 Julai. Kaka: hakuna.

Jumatano 23 Julai. Kaka: chaa kilo 2, wa mshipi.

Na kuendelea. Najua mtu wa bahari atasema Julai ni kusi, bahari imechafuka, samaki hupungua kila mwaka. Ni kweli. Kwa hiyo nikatoa daftari la 2013, wiki ile ile ya Julai. Kaka hakuleta chini ya kilo 8 kwa siku aliyotoka. Kusi haikuanza 2014.

Kafyu ikaongezwa mwezi, ikaongezwa tena. Baadaye ikalegezwa, mwisho ikaondoka, lakini marufuku ya kuvua usiku ilibaki miaka. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kafyu ya nchi kavu ina watu wa kuilalamikia, mahoteli, wageni, wafanyabiashara. Usiku wa baharini hauna mwenye hoteli.

Siku moja kaka akachoka kungoja jua. Alitoka kabla ya saa, labda nusu saa kabla, si zaidi. Watu wa doria wakamkuta mkondoni, wakauchukua wavu. Sitasema ni wa idara gani, maana sitaki barua hii iwe ya kumtafuta askari mmoja aliyekuwa akitekeleza amri. Ninachosema ni kwamba hawakumwandikia kitu. Si risiti, si kipande cha karatasi. Alipokwenda kuuliza aliambiwa hakuna kumbukumbu ya wavu wowote. Jarife ile ilikuwa ya fedha zetu wawili, mimi nikiweka zangu kutoka kwenye karai. Na mimi, mkaanga samaki wa darasa la saba, nikikopa samaki mmoja humwandika.

Ndipo nikaanza kufikiri juu ya karatasi.

Tazama jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, watu 67 wakafa humo humo Nairobi. Rais aliahidi tume ya uchunguzi. Tume haikuundwa. Kamati ya pamoja ya Bunge ikaandika ripoti, Machi 2014 wabunge wenyewe wakaikataa. Miezi mitatu baadaye ikawa zamu ya Mpeketoni. Aprili mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Kila mara ni yale yale: nani alionywa, nani alichelewa, kikosi gani kilikuwa kinangoja gari. Na kila mara wanasiasa wanalichukua swali hilo na kulitupia upande wa pili kama mpira.

Ili nisimdhulumu mtu: mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ilichunguza Mpeketoni mwaka ule ule wa 2014 na ikasema wazi kwamba polisi waliitikia vibaya, hawakuwa wamejipanga. Nawashukuru. Lakini mamlaka ile mpaka wake ni polisi. Haimhoji jeshi, haimhoji jasusi, haimhoji waziri, wala Rais. Yeye Rais, katika hotuba ile ile ya tarehe 17, alisema taarifa za kijasusi zilikuwa zimefika kwa polisi wa Lamu na hawakuzifanyia kazi, na kwamba waliohusika wasimamishwe na washtakiwe. Sawasawa. Sasa taarifa hizo zilisema nini? Kama zilisema Al-Shabaab wanakuja, mbona hotuba ikasema si Al-Shabaab? Kama zilisema ni wanasiasa, mbona mahakamani hazikuonekana? Hilo swali ni la hesabu za darasa la tatu, na hakuna mheshimiwa aliyeligusa jukwaani, wa huku wala wa kule.

Mpwa wangu, anayesoma Mombasa, ananiambia, shangazi, serikali zote duniani hulaumiana baada ya ugaidi, hata Marekani. Nikamwambia nisomee ya Marekani basi. Akanisomea jioni mbili mfululizo, na mengine nilikuwa nayajua, maana ugaidi wa Marekani ulipitia kwetu kabla haujafika kwao. Bomu la ubalozi Nairobi, 7 Agosti 1998, liliua zaidi ya watu 200, na walio wengi walikuwa Wakenya waendao kazini. Balozi wao wa wakati ule, Prudence Bushnell, alikuwa ameiomba serikali yake mapema ibadilishe lile jengo kwa sababu halikuwa salama. Hawakubadilisha. Clinton akajibu kwa makombora Afghanistan na Sudan. Ikaja 2001, mashambulizi ya Septemba 11, na hapo wakaanza: chama hiki kikasema Clinton alimwachia Bin Laden, chama kile kikasema Bush alipewa waraka tarehe 6 Agosti 2001 wenye kichwa kwamba Bin Laden ameazimia kupiga ndani ya Marekani, na hakufanya la maana.

Kelele hizo nazijua, ni zetu. Lakini wenzetu walifanya na jambo la pili. Waliunda tume ya watu kumi, watano wa chama hiki na watano wa chama kile. Mshauri wa usalama wa Rais akaapishwa akahojiwa hadharani, mbele ya kamera. Bush na Clinton wote wawili wakaulizwa. Ule waraka wa Agosti ukafunguliwa watu wakausoma. Julai 2004 ripoti ikatoka, ikauzwa madukani kama kitabu chochote. Simsifu Mmarekani, vita alivyovianzisha baada ya hapo ni habari nyingine na damu yake ni nyingine. Nasema tu kwamba anayetaka kumlaumu Clinton au Bush leo ana ukurasa wa kufungua.

Na hapo, Mhariri, kuna kisa cha kwetu. Fazul Abdullah Mohammed, aliyehusishwa na bomu lile la 1998, alikuja kuishi Siyu, kisiwani Pate, mwaka 2002, kwa jina jingine. Alifundisha madrasa, akaoa. Siyu ni kwetu, nina jamaa huko. Walimwona mwalimu mgeni, wakampa mke kama wanavyofanya watu wa visiwani kwa mgeni mwenye elimu. Novemba mwaka ule hoteli ya Kikambala ikalipuliwa. Washukiwa waliofikishwa mahakamani Nairobi kwa mlipuko ule waliachiliwa mwaka 2005, na Fazul mwenyewe aliuawa Mogadishu mwaka 2011. Lakini muulize mtu wa Siyu aliyekwenda kutafuta pasipoti miaka ile aliulizwa nini. Mtu alitafutwa na dola kubwa kuliko zote duniani, akapita kwenye mipaka yetu na bandari zetu, na aliyebaki na lawama ni mwanakijiji aliyempikia pilau ya harusi.

Yaliyofuata nitayapitisha haraka kwa sababu mnayajua. Septemba 2015 ikatangazwa operesheni ya Linda Boni, tukaambiwa ni ya siku 90. Nilizihesabu siku hizo, kwa mazoea tu. Siku 90 zikapita, jina likabadilika ikaitwa Amani Boni, na zaidi ya miaka kumi baadaye vikosi bado viko msituni. Watoto wa vijiji vya Basuba na Mangai walifungiwa shule miaka. Januari 2020 kambi ya Manda ikapigwa, Wamarekani watatu wakafa, na dunia nzima ikajua Lamu iko wapi kwa siku mbili. Januari 2022 vijiji vya Lamu Magharibi tena, kafyu tena. Juni 2023, vijiji vya Juhudi na Salama. Mawaziri wa Usalama walibadilika, kila mmoja akaja kwa helikopta na kusema yaliyotokea kabla yake hayatarudiwa.

Kuna kitu kimoja kilichonipa moyo, na hakikutoka kwa mwanasiasa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Malindi iliamua kwamba wavuvi wa Lamu, zaidi ya 4,000, walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa kuharibiwa bahari yao na ujenzi wa bandari mpya. Malipo yamekuwa na mizunguko yake, siingii huko. Lakini hukumu ilitoka kwa sababu watu walikaa, wakajiandikisha majina, wakaandika wanavua wapi na wanavua nini, wakapeleka karatasi. Kwa ule usiku tuliopokonywa kwa jina la ugaidi hakuna aliyehesabu. Nami sisemi kafyu haikuwa na sababu. Watu walikuwa wanachinjwa, hata mimi nilitaka askari barabarani. Nasema amri ya kumfungia mtu riziki iandikwe: imeokoa nini, imegharimu nini, na ni lini aliyeitoa aliitazama tena.

Kwa hiyo ombi langu kwa wote wawili waliopanda jukwaani, na watakaowafuata. Msiniambie nani alilala. Nileteeni maandishi. Onyo lilifika lini, kwa nani, kwa simu au kwa barua. Kambi ya karibu ilipata habari saa ngapi usiku ule, na gari la kwanza liliondoka saa ngapi. Nani aliandika yale maneno ya "mitandao ya kisiasa" katika hotuba, na alikuwa ameshika nini mkononi alipoyaandika. Wale maafisa waliosemwa washtakiwe, kesi zao ziliishia wapi. Mmekuwa wengi wenu serikalini, kwa zamu, tangu siku ile. Faili mnazo nyinyi. Mkizifungua na zikaonyesha kwamba mwenye kosa ni yule mnayemtaja, mimi mwenyewe nitapiga makofi na mafuta yaungue.

Mama wa viazi nimempigia simu wiki hii, mara ya kwanza kwa miaka mingi. Nambari ni ile ile. Alinijua kwa sauti. Ameniambia mjukuu wake anakwenda shule ya msingi, na viazi vya huko ni vizuri kuliko vya Mpeketoni, nikamwambia hiyo ni kujigamba tu. Swali lile hatukuligusa. Sikuwa na jibu jipya la kumpa.

Kaka yangu sasa anavua kwa mshipi, karibu, na umri wake haumruhusu zaidi. Ile nusu ya Jumamosi ya 14 Juni nilimlipa, msidhani bado namdai au ananidai. Daftari lenyewe liko kwenye sanduku la mama, kurasa za Julai zina mafuta lakini zinasomeka. Mheshimiwa anayetaka kuliona aulize Langoni, ataonyeshwa. Aje baada ya laasiri, asubuhi nina samaki wa kupara. Na aje na lake.

Mkaanga samaki,
Langoni, Lamu
(Jina nimeliacha kwako, Mhariri.)